Mama Greffière Aliyeandika Majina ya Wanaume

Katika mtaa wetu wa Saio, mjini Bunia, mwanamume akisikia kwamba Mama Greffière ameuliza jina lake kamili, hakulala vizuri wiki hiyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, aliyetembea katikati ya barabara hata pikipiki zikimpigia honi. Alipokuuliza jina alitaka yote matatu: la kwanza, la pili, na la ubatizo. Kisha akauliza linaandikwaje. Wengi walikuwa wameshajibu kabla ya kujiuliza kwa nini anataka kujua. Alikuwa amefanya kazi ya greffière, yaani karani wa mahakama, kwa zaidi ya miaka thelathini, na sauti ile ya kuuliza alistaafu nayo.

Habari za ukoo wake sitazisema. Yeye mwenyewe hakuzipenda. Katika mji ambao watu wameuana kwa kuulizana ukoo, alisema swali hilo amelisikia la kutosha. Nitasema niliyoyaona kwa miaka kumi na miwili: aliyonifanyia mimi, aliyomfanyia mwanamume aliyeniharibia maisha, na tuliyomfanyia pamoja, yeye na mimi, mtu ambaye hakutukosea.

Kila asubuhi alipaka viatu vyake vyeusi rangi hadi ving'ae, ingawa vumbi jekundu la Bunia lilivifunika kabla hajafika barabara kuu. Nywele alizikata fupi kama za mwanajeshi. Barazani kwake palikuwa na meza, viti viwili vidogo, jagi la maji, na daftari kubwa lenye jalada gumu. Wanawake walikuja pale kutoka Saio, kutoka Shari, wengine kutoka kambi za waliokimbia vita. Mama Greffière alimpa mgeni kiti, akampa maji, akapiga mstari wa pembeni kwa rula, kisha akasema maneno yale yale ambayo sote tuliyajua kwa moyo:

“Anza na saa. Kisha fasi. Kulia itakuya nyuma.”

Saa kwanza, kisha mahali: wapo waliomchukia kwa maneno hayo. Mimi nilimchukia. Mtu amebeba jambo zito kifuani siku nyingi, anafika, anaulizwa saa. Lakini yeye alikuwa ameketi chini ya majaji miaka yote ile akiandika, na aliona kwamba mwanamke akilia kwanza, kinachobaki kwenye karatasi ni kwamba alilia. Kama mgeni hakukumbuka saa, alimuuliza nyumbani walikuwa wanapika nini, nani alikuwa ametoka sokoni, jua lilikuwa linaingia kwa dirisha lipi. Alimzungusha hivyo taratibu mpaka saa ikapatikana. Maoni yake hakuyaandika hata mara moja. Hasira yake ilikuwa kubwa, lakini aliiweka nje ya daftari.

Nje ya daftari ilionekana na kila mtu. Jirani mmoja, mjane, aliingiliwa kwa nguvu na shemeji yake, na jamaa wa shemeji wakaja na mbuzi kumaliza mambo kifamilia. Walimkuta Mama Greffière ameshafika. Aliwaacha waongee, wamtaje shetani, wataje amani ya ukoo. Kisha akafungua kamba, akamfukuza yule mbuzi mpaka barabarani, akarudi kuketi na kuandika kwamba siku hiyo, saa nne na nusu, jamaa wa mshitakiwa wameleta mbuzi. Mzee mmoja alipolalamika, alimwambia asiye na kosa haleti kitu, kwa hiyo anawashukuru kwa ushahidi. Shemeji yule alifungwa. Mama Greffière alikwenda kumwona gerezani mara moja tu, akiwa amevaa nguo zake nzuri, amtazame kisha arudi. Alituambia hivyo bila haya yoyote.

Na mwanamke huyo aliyepiga vita uchafu alikuwa na mdomo mchafu kuliko sisi sote. Kwenye sherehe za maharusi, shangazi walipoanza nyimbo zile ambazo wanaume hawaruhusiwi kusikia, ni yeye aliyeongeza beti. Pasta alipomweleza kwamba mpiganaji wa maadili hawezi kuimba hivyo, alimjibu kwamba yeye hapiganii maadili. Miili haikumsumbua, maana kila mtu alizaliwa uchi. Alichokuwa nacho kichwani ni jambo moja tu: kwamba katika filamu za ngono hakuna anayemuuliza mwanamke kitu.

Miaka hiyo, njia yote ya soko ilijaa vibanda vya kutengeneza simu na kutia nyimbo na filamu ndani yake. Kulikuwa pia na vyumba vya video vilivyozungushiwa turubai. Asubuhi ni mpira, mchana ni filamu za vita, alasiri ni zile nyingine. Chama cha akina mama wa mtaa kilitaka kuandika malalamiko, lakini hakuna aliyejua aandike nini, kwa sababu hakuna aliyekubali kwamba amewahi kuziona. Mama Greffière aliingia kwenye chumba kimoja alasiri, akaketi benchi la mbele, akafungua daftari. Wanaume walitoka mmoja mmoja. Mwishowe alibaki peke yake na mwenye chumba, ambaye hakuthubutu kuzima mashine, akaandika mpaka filamu ikaisha. Ripoti yake ilisomwa kwenye mkutano. Naikumbuka sehemu moja: saa tisa na dakika kumi, mwanamke anasema hapana, saa tisa na dakika kumi na mbili, anasema tena, saa tisa na dakika kumi na tano, wanaume watatu waliokaa nyuma ya mwandishi wanacheka.

Katika chama hicho alikuwepo avoka kijana ambaye familia yake ilihamia kutoka Butembo. Tulimwita Maître, kama wanavyoitwa mawakili wote. Yeye na Mama Greffière walibishana katika kila mkutano, na baada ya kila mkutano walikula sombe, yaani kisamvu, pamoja. Maître alisema vita vyetu viwe na wanaolazimisha na wanaopiga picha kwa siri, na kwa ushahidi, maana siku tutakapomtaja mtu bure, wanaume watamchukua huyo mmoja kumfunikia kila mkosaji. Mama Greffière alisema ushahidi ni kitu cha watu wenye muda.

“Mama, hauwezi kuvunja kitu ya mutu bila jugement,” Maître alimwambia siku moja, yaani bila hukumu ya mahakama.

“Niliandika bajugement miaka makumi tatu,” alijibu. “Minajua fasi zinalalaka.”

Sasa nifike kwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwaka wa mwisho katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mtu aliyesimamia kazi yangu ya kumaliza masomo tulimwita Assistant, kwa cheo chake cha mwalimu msaidizi. Alikuwa na maneno laini na mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Sura ya pili ya kazi yangu aliikataa mara nne. Mara ya tano aliniambia nimpelekee nyumbani kwake.

Sitaeleza. Nilieleza mara moja, kwa saa na kwa mahali, na iliandikwa, yatosha. Nitasema tu kwamba sikutaka, kwamba yeye alijua sitaki, na kwamba mwaka wangu mzima ulikuwa mkononi mwake. Nilirudi mara mbili. Mara ya tatu nilikataa. Wiki moja baadaye, rafiki wa dada yangu alimwonyesha video kwenye simu. Uso wangu ulionekana. Wa mwanamume hapana. Nyuma yangu palikuwa na pazia la kijani lenye maua ya njano, na pazia lile nililijua: ni la nyumbani kwa Assistant.

Kabla ya Jumapili ilikuwa imefika kila mahali. Wavulana wa pikipiki walipunguza mwendo wakinipita. Baba aliacha kunijibu salamu. Mama yangu, ambaye hajui kutumia simu, alikwenda kwa watu akaomba aonyeshwe, kisha akarudi akalala akiwa amegeukia ukutani siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda barazani kwa Mama Greffière.

Alinipa kiti. Alinipa maji. Alipiga mstari. Akaniuliza telefone yangu ilikuwa imepita mikononi mwa nani miezi ile.

“Kwa Faustin,” nilisema. “Alinitengenezea kioo.”

Ilikuwa kweli. Faustin alikuwa kijana mwenye kibanda cha mbao na mabati karibu na soko. Alitengeneza simu, alitia nyimbo, na kama wenzake wote alitia hata zile filamu kwa aliyeomba. Kioo changu alikimaliza siku moja, akanitilia nyimbo mbili za bure kwa sababu nilikuwa nimengoja sana.

Mama Greffière alibaki na kalamu hewani, akinitazama. Soutenance yangu, yaani siku ya kuitetea kazi ile mbele ya walimu, ilikuwa imebaki mwezi mmoja na nusu, na Assistant angekaa pale mbele pamoja nao. Niliona kwamba ameshaelewa anachotaka kuelewa: video imetoka kwa Faustin. Nikaacha hivyo. Sikusema uongo hata neno moja. Nimejiambia hivyo miaka mingi, na haijanisaidia.

Walikwenda kwa Faustin Jumanne asubuhi, wanawake kama ishirini, wengine na mitwangio. Maître alifika mbio, akasimama mlangoni pa kibanda na mikono wazi, akiomba angalau mtu amhoji Faustin kwanza. Mama Greffière alimshika kiwiko, akamsogeza pembeni kama mtu anayesogeza kiti. Walivunja kompyuta, walivunja meza, walimwaga vioo na betri kwenye matope. Kisha wanaume wasio na kazi wakaingia kusaidia, wanaume ambao mimi nilijua wana video yangu mifukoni. Mmoja wao alimkanyaga Faustin mkono kwa kiatu kizito, kidole kikavunjika. Faustin aliuliza kitu kimoja tu, akakirudia: nimefanya nini?

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, karibu na wauza nyanya. Nitasema ukweli kwa sababu walionisamehe wamenisamehe kwa kudhani nililia. Sikulia. Nilifurahi. Haikuwa kwa sababu ni Faustin. Nilifurahi kwa sababu mwanamume alikuwa chini, na wanawake walikuwa wamesimama juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Baada ya siku chache Faustin alichukua mke wake wakahamia Mongbwalu, kwa wachimba dhahabu.

Nilipita soutenance. Assistant alinipa pointi nzuri, akanipa mkono mbele ya watu, akiwa anatabasamu. Siku iliyofuata nilirudi barazani, na safari hii nilianza na saa na mahali, na pazia la kijani, mpaka mwisho.

Mama Greffière aliacha kuandika katikati. Alifunga daftari kalamu ikiwa ndani. Aliniuliza kwa nini sikusema mwezi ule mwingine, nikamwambia niliogopa. Alitazama viatu vyake.

“Uliogopa mukubwa, ukatoa mudogo,” alisema. “Na miye nikamupokea.”

Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza. Alisema habari ya Faustin tutaiongea siku yake, sasa nimpe jina la yule mwingine, yote matatu, na namna yanavyoandikwa.

Kesi mahakamani haikufika popote. Dossier, yaani faili, ilipotea, ikapatikana, ikapotea tena, na yeye aliyejua kazi ile aliniambia mapema ni wiki gani itapotea. Chuoni iliitishwa kamati. Walimu walisema wasichana wanaoshindwa masomo wana tabia ya kusingizia. Nilikumbusha kwamba mimi sikushindwa. Wakasema basi nina shida gani. Kwenye redio mtu mmoja aliuliza ni wanawake wangapi wanaotaja wanaume bure. Nilizima redio, kwa sababu mmoja nilimjua.

Ndipo Mama Greffière alipochukua kiti chake cha kukunja. Kila siku ya masomo, saa moja na nusu asubuhi, alikifungua ng'ambo ya geti la chuo, nje kabisa ya uzio ili asiweze kufukuzwa, akaketi na daftari. Hakubeba bango. Hakupiga kelele. Assistant akifika, aliandika saa. Akitoka, aliandika saa. Mwanafunzi wa kike akiingia katika ofisi yake, ambayo dirisha lake lilitazama barabara, aliandika dakika alizokaa ndani. Mvua ikinyesha alifunika daftari kwa plastiki, yeye mwenyewe akalowa. Wiki ya kwanza watu walicheka. Wiki ya nne Assistant alianza kuingia kwa mlango wa nyuma, na yeye akahamisha kiti mlango wa nyuma. Mwezi wa tatu wa kuketi pale, msichana mmoja alitoka darasani na kiti, akaketi kando yake. Kesho yake walikuwa wawili. Kisha mwanamke mmoja aliyekwisha maliza miaka mingi nyuma alikuja kutoka Mahagi, akasema naye ana saa na mahali. Mwisho wa muhula walikuwa saba, na mkataba wa Assistant haukuandikwa upya.

Nilidhani tumemaliza. Mama Greffière alisema tumeanza. Kila shule ambako Assistant aliomba kazi, barua ilifika kabla yake au siku ile ile, safi, bila tusi, na orodha ya saa. Sijui Mama Greffière alizijuaje zile shule. Aliwajua makarani wenzake kila mji, na makarani husoma kila kitu.

Kisha Assistant akataka kuoa. Matangazo ya ndoa yanasomwa parokiani Jumapili tatu, na Mama Greffière hakuwa hata Mkatoliki. Jumapili ya tatu alikwenda na viatu vyake vinavyong'aa. Katekista aliposoma majina na kuuliza kama yupo anayejua kizuizi, alisimama. Alitaja jina lake mwenyewe lote. Kisha akaanza na saa. Padri alimwomba waonane ofisini, akakubali kwa heshima, akasema atakuja, ila anaomba watu wasikie kwanza sehemu ya kwanza. Walisikia. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na nilimtazama Assistant shingo yake tu, jinsi ilivyobadilika rangi juu ya kola ile iliyopigwa pasi. Ningeweza kuitazama siku nzima.

Mchumba alikuja Saio na shangazi wawili kumtukana. Mama Greffière alimpa kiti na maji, akamsomea yote mpaka chakula kikaiva. Msichana alikwenda zake, na mwezi uliofuata akaolewa na Assistant hivyo hivyo, katika mji mwingine, na wageni wachache. Mimi nilikasirika. Mama Greffière hakukasirika. Alisema sasa huyo binti akifunga mlango jioni anajua amejifungia na nani, na hilo ndilo alilokwenda kumpa.

Leo Assistant hafundishi. Nilikwenda Aru kwa kazi, nikamwona kwenye ghala la saruji, amesimama kwenye vumbi anaandika mifuko inayoshuka kwenye lori. Alikuwa mweupe mpaka kope. Shati lake halikuwa na pasi. Ng'ambo palikuwa na duka, nikanunua soda, nikainywa yote polepole, nimemkazia macho, mpaka akageuka na kuniona. Aliinamisha kichwa kwanza yeye. Kanisani wanatufundisha kwamba kulipiza hakumpi mtu amani. Mimi usiku ule nililala Aru kama mtoto.

Lakini habari ya Faustin haikupata siku yake. Miaka tisa. Nilimkumbusha Mama Greffière mara mbili. Mara ya kwanza aliendelea kupaka viatu rangi. Mara ya pili alisema tukiisema wazi, wanaume watamchukua huyo mmoja kumfunikia kila mkosaji, na wale wanawake saba hakuna atakayewaamini tena. Yalikuwa maneno ya Maître ya zamani, neno kwa neno. Maître naye sasa alisema kinyume: kwamba tusiposema wenyewe, siku moja litasemwa na mtu mwingine, na litasemwa vibaya. Walibishana hivyo, kila mmoja amesimama mahali pa mwenzake, na sombe haikuliwa pamoja tena kama zamani.

Katika mwaka wa nane kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ulilala, mdomo ukavutwa. Binti yake alimhamishia kwake, Shari. Walijaribu kumfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, akaitupa kalamu chini ya kitanda. Nilikwenda kumwona kila wiki, nikamsomea magazeti, naye akanisahihisha Kifaransa hata kwa mdomo ule.

Mwaka mmoja hivi baada ya hapo aliniambia amesikia Faustin amerudi, amefungua kibanda upande wa Mbunya.

“Nipeleke,” alisema.

Nilisema mvua imetoka kunyesha, barabara ni mbaya. Akanitazama tu mpaka nikaenda kutafuta taksi.

Faustin alikuwa amenenepa, na ndevu zake zimeanza kuwa nyeupe. Alimtambua Mama Greffière kabla hajashuka. Palikuwa na wateja wawili, na hakuwaambia waondoke. Alileta benchi, akarudi nyuma ya meza yake. Kidole cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kwenda pembeni, nacho kilibaki juu wakati vingine vinashika bisibisi.

Maneno ya Mama Greffière hayakueleweka vizuri, ikabidi niyarudie kwa sauti, moja moja. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nasema mimi, mbele ya wateja: tulikuvunjia bure. Ile picha haikutoka kwako. Tulijua kisha mwezi moja na nusu. Tukanyamaza miaka tisa.

Faustin aliweka bisibisi chini.

“Nani alitaja jina yangu?”

Mama Greffière alijaribu kuinua mkono wake mzima, aonyeshe kifua chake. Nilimtangulia.

“Ni miye.”

Aliinama kidogo mezani anione vizuri.

“Weye nilikutengenezea kioo,” alisema. Kisha: “Sitabasamehe.”

“Hatukukuya kuomba ile,” alisema Mama Greffière, na haya nayo niliyarudia. “Miye pia singesamehe. Unataka nini?”

Nilidhani atatufukuza. Alifungua droo, akatoa karatasi na kalamu ya bic, akaziweka mbele yangu.

“Andikeni.”

Aliniambia, nikaandika. Jina lake lote, langu lote. Siku, saa, mahali. Kilichovunjwa, nani aliamuru, nani alinyamaza. Kitu ambacho Faustin hakukifanya. Alisoma polepole, akasema kidole hakimo. Nikaongeza kidole. Nilisaini. Mkono wa kulia wa Mama Greffière haukuweza, na wa kushoto haukukubali. Basi Faustin alikata ncha ya bic, akampaka wino kwenye dole gumba, akalishika lile dole kwa mkono wake wenye kidole kilichopinda, akaligandamiza chini ya jina. Mama Greffière alilitazama lile doa. Kwenye taksi aliniuliza tu kama tarehe niliiandika vizuri.

Alikufa mvua zilizofuata. Kwenye mazishi wanawake walijaa mpaka barabarani, na Maître ndiye aliyezungumza. Faustin alikuja, akasimama mbali, akaondoka kabla ya chakula.

Karatasi ile ameibandika ukutani kwenye kibanda chake, ndani ya plastiki, kando ya bei za vioo. Ofisi yangu iko njia hiyo hiyo, napita pale kila siku. Wateja wanaoisoma wakingoja simu zao ni wengi. Wanaume wengine wanaisoma kwa sauti, wanacheka, wanasema mmeona sasa, ndivyo wanawake walivyo. Nimetamani mara nyingi kuingia niwaambie habari ya ghala la saruji, niwatajie wale saba, lakini jina langu liko pale ukutani, na wangeniuliza linaandikwaje.

Mwaka jana niliingia siku ambayo hapakuwa na mtu. Nilimuuliza Faustin kama sasa ataiondoa. Alikuwa anabandika kioo kwenye simu ya mtu, kidole kile kiko juu. Hakuinua kichwa.

“Bado,” alisema.